Umbo la Mlio: Siwa, Kayamba na Sintesaiza katika Historia ya Malindi na Kilifi

Mlio wa muziki hauelezeki kikamilifu kwa kutaja kimo chake na ukubwa wake pekee, kwa kuwa sifa inayomwezesha msikilizaji kutofautisha zumari na gambusi, hata pale ala hizo zinapotoa noti ileile, hutegemea kwa kiasi kikubwa namna nguvu ya mlio inavyobadilika tangu unapoanza hadi unapokoma. Wataalamu wa sauti huyaita mabadiliko hayo envelopu, yaani umbo la mlio katika muda, na kwa kawaida huyagawa katika hatua nne: kupanda, ambako mlio hutoka kwenye ukimya hadi kileleni, kushuka, ambako hupungua kidogo baada ya kilele, kudumu, ambako hukaa katika kiwango kimoja maadamu mpigaji anaushikilia, na kufifia, ambako hurudi kwenye ukimya baada ya kuachiwa.

Swali la umbo ndilo linaloiunganisha historia ya muziki wa pwani ya Malindi na Kilifi na ala ambayo kwa mtazamo wa kwanza haina uhusiano nayo, yaani sintesaiza ya moduli. Hii ni ala ya kielektroniki iliyoundwa kwa vipande vinavyojitegemea, kila kimoja na kazi yake, ambavyo mpigaji huviunganisha kwa kebo kadiri anavyotaka. Miongoni mwa vipande hivyo imo jenereta ya envelopu, ambayo yenyewe haitoi mlio wowote, bali hutoa volti inayopanda na kushuka, na volti hiyo huelekezwa kwenye vipande vingine ili iamue mlio uingie kwa kasi gani, ukae katika nguvu ipi na ufifie kwa muda gani. Hoja ya makala haya ni kwamba katika ala za kale za pwani kazi hiyo ilifanywa na mkono na pumzi ya mpigaji, chini ya kanuni za jamii yake. Kwamba vinanda vya umeme vilivyoenea katika nusu ya pili ya karne ya 20 viliihamishia kiwandani. Na kwamba sintesaiza ya moduli, ijapokuwa ni ngeni kwa sura, kwa upande wa umbo la mlio iko karibu zaidi na siwa, ambayo ni pembe ya kupuliza, na kayamba, ambayo ni ala ya kutikiswa, kuliko kinanda chochote kilichowahi kupigwa katika kumbi za pwani.

Siwa mbele ya merikebu za Wareno

Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi baada ya kukosana na watawala wa Mombasa, mfalme wa mji alitoka kwa chombo kwenda kuonana na wageni, akiwa amevaa joho la hariri lenye pindo za atilasi ya kijani, ameketi juu ya viti vyenye mito na kutiwa kivuli na mwavuli wa atilasi nyekundu. Shajara ya safari hiyo, ambayo mwandishi wake hakujitaja jina, inaeleza kwamba msafara wa mfalme ulikuwa na wapiga tarumbeta wengi, pamoja na pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa ustadi, zenye kimo cha mtu, zikipulizwa kupitia tundu la ubavuni na kutoa mlio uliopatana vyema na ule wa tarumbeta. Maelezo hayo ni ya siwa bila shaka yoyote, na yanaifanya Malindi kuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya pwani ambayo muziki wake umeelezwa kwa maandishi na shahidi aliyeusikia.

Namna siwa inavyopulizwa ina athari ya moja kwa moja kwa umbo la mlio wake. Mpulizaji hubana midomo kwenye tundu la ubavuni na kuitikisa kwa pumzi, lakini safu ya hewa iliyomo ndani ya pembe ndefu kiasi hicho huhitaji muda kabla ya kutulia katika mtetemo mmoja, hivyo mlio haushtuki bali hujikusanya, na jinsi unavyozidi nguvu ndivyo unavyozidi kung'aa kwa sababu masafa ya juu huchelewa kuingia. Ukishasimama, hudumu kadiri mapafu yanavyoruhusu, na pumzi ikikatika nao hukatika mara moja. Kwa msamiati wa envelopu, siwa ina hatua ya kupanda iliyo ya taratibu, haina mshuko mkubwa baada ya kilele, ina hatua ndefu ya kudumu, na kufifia kwake ni kufupi.

Umbo hilo halikuwa huru kutumiwa na yeyote. Siwa ilikuwa nembo ya utawala, ikipulizwa wakati wa kutawazwa na katika harusi na shughuli za watu wa nasaba, na kuimiliki kulikuwa sehemu ya kumiliki mji. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, yenye urefu unaozidi mita 2, na ile ya shaba ya Lamu, zote zikiwa zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu, zinaonyesha ukubwa wa gharama na ufundi uliowekezwa katika ala ambayo kazi yake kuu ilikuwa kutoa mlio mmoja mrefu kwa idhini ya mwenye enzi. Kwa hiyo tangu ushahidi wa mwanzo kabisa, mamlaka juu ya mlio wa pwani yana sura mbili zinazopaswa kutofautishwa: uwezo wa mpigaji wa kuuumba mlio, na haki ya kuuanzisha.

Mkono, pumzi na kaya

Nyuma ya miji ya ufuoni, katika vijiji vya Wamijikenda, hasa Wagiriama, ala zilizotumika katika ngoma zilikuwa na maumbo ya mlio yaliyotofautiana kiasi kwamba kundi moja la wapigaji lingeweza kukusanya karibu aina zote za envelopu zinazojulikana katika maabara za kisasa. Ngoma ya kupigwa, iwe chapuo au msondo, ina hatua mbili tu, kupanda kwa ghafla na kushuka, wala haina hatua ya kudumu, kwa kuwa nguvu yote hutolewa katika pigo moja. Lakini mpigaji huweza kuifupisha kwa kuacha kiganja juu ya ngozi au kuirefusha kwa kukiondoa upesi, na tofauti hiyo ndiyo inayoyafanya mapigo mawili yenye nguvu sawa yasikike kama maneno mawili tofauti. Upatsu, ambao ni bamba la chuma linalogongwa, huanza kwa ukali uleule lakini hufifia kwa muda mrefu zaidi, isipokuwa mpigaji anapouzima kwa mkono.

Zumari, ambayo Wamijikenda huiita nzumari, iko upande wa pili kabisa. Mpulizaji hodari huvuta pumzi kwa pua huku akiendelea kusukuma kwa mashavu hewa aliyoihifadhi kinywani, hivyo mlio haukatiki hata anapovuta pumzi, na hatua ya kudumu hurefuka kadiri mchezo unavyohitaji. Katika chakacha, ambamo zumari huandamana na ngoma, mchanganyiko huo wa mlio usio na mwisho na mapigo yasiyo na hatua ya kudumu ndio unaowapa wachezaji mambo mawili ya kufuata kwa wakati mmoja.

Kayamba inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Ni kisanduku bapa cha mabua yaliyopangwa sambamba na kufungwa pamoja, ambamo hutiwa mbegu ndogo ngumu, na mpigaji hukishika kwa viganja viwili kwa ulalo. Akikiinamisha polepole, mbegu huteleza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na mvumo huongezeka hatua kwa hatua kisha hukoma zinapofika mwisho. Akikitikisa kwa mkupuo, mbegu zote hupiga ukuta kwa pamoja na mlio huwa mkali na mfupi. Na dole gumba linalogonga juu ya mabua huongeza pigo kavu katikati ya mivumo hiyo. Mlio wenyewe hauna kimo maalumu, kwa sababu ni mkusanyiko wa migongano mingi midogo yenye masafa yaliyochanganyika, na kwa hiyo karibu kila kinachoweza kuitwa muziki katika kayamba kimo katika umbo ambalo vifundo vya mikono vinaupa mchanganyiko huo.

Aina ya mwisho ni mwanza, ngoma ya kaya, yaani makazi matakatifu ya msituni, isiyopigwa bali kusuguliwa, ambayo hutoa mngurumo mzito maadamu mkono unaendelea kusugua. Hapa hakuna hatua zinazojitenga, kwa kuwa kila nukta ya mlio ni tokeo la msuguano wa nukta hiyohiyo. Mwanza ilikuwa mikononi mwa wazee, na wasioruhusiwa, wakiwemo wanawake, hawakupaswa kuiona, ijapokuwa sauti yake ilikusudiwa kusikika. Kwamba milio na michezo ilikuwa suala la mamlaka ilidhihirika mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipozunguka vijijini akicheza kifudu, mchezo unaohusishwa na maombolezo, ili kuwahamasisha Wagiriama wapinge kodi na kazi za lazima za serikali ya Waingereza. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Agosti 1914, serikali hiyo iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, ikiamini kwamba nguvu ya upinzani ilitoka katika viapo na ibada zilizofanyika humo.

Kutoka viriba hadi swichi

Badiliko la kwanza katika utaratibu huo lilikuja na vinanda vya viriba. Harimuni, iliyofika pwani pamoja na mitindo ya muziki wa Kihindi, hupigwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukisukuma viriba, na kodiani, iliyopata nafasi katika taarabu kwa kuiga takhti, yaani vikundi vya ala vya Misri, hufuata kanuni hiyohiyo ya hewa. Katika taarabu ya Mombasa ya Juma Bhalo, ambaye nyimbo zake nyingi zilifuata tuni za filamu za Kihindi, harimuni na tabla zilikuwa uti wa mgongo wa upigaji. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba viriba huzipa noti zote zinazolia kwa pamoja umbo moja: mpigaji hawezi kuikuza noti ya juu huku akiipunguza ya chini, kwa kuwa zote hunywa hewa ya kisima kimoja. Umbo bado lilikuwa la mkono, lakini lilikuwa la jumla.

Badiliko la pili lilikuwa zito zaidi. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya taarabu vya Tanga, kama Black Star na Lucky Star, viliingiza magitaa ya umeme na kinanda cha umeme, na Mombasa vikundi vya harusi kama kile cha Maulidi Juma vilifuata njia hiyo, kanda na sahani zao zikisambazwa na maduka kama Assanand & Sons, wenye lebo ya Mzuri. Kinanda cha umeme cha wakati huo kilikuwa na umbo rahisi kuliko ala zote zilizotangulia: kubonyeza kitufe kulifunga saketi na mlio ukaingia mzima, kukiachia kulikata saketi na mlio ukatoweka. Hakikuwa na kupanda, kushuka wala kufifia, na kidole kilichobonyeza kwa nguvu kilipata mlio uleule wa kidole kilichogusa tu. Kilichobaki kwa mpigaji kilikuwa pedali ya mguu ya kuongezea na kupunguzia sauti, ambayo ilikuwa mrithi dhaifu wa viriba.

Volti inayouchora mlio

Wakati vinanda hivyo vikienea pwani, kwingineko duniani umbo la mlio lilikuwa limekuwa suala la utafiti. Mwaka 1944 mjini Cairo, Halim El-Dabh, akiwa na mashine ya kurekodi sauti kwenye waya, alirekodi uimbaji wa wanawake katika ibada ya zari, inayofanana na ngoma za pepo zinazojulikana pwani ya Afrika Mashariki, kisha akaibadilisha sauti hiyo studioni hadi ikawa utunzi wa kielektroniki miongoni mwa wa kwanza duniani. Mwaka 1948 mjini Paris, Pierre Schaeffer aligundua kwamba mlio wa kengele iliyorekodiwa ukikatwa mwanzo wake, msikilizaji hautambui tena kuwa ni wa kengele. Jaribio hilo liliweka wazi kwamba utambulisho wa ala umo kwa kiasi kikubwa katika sehemu ndogo ya kwanza ya mlio, kabla hata kimo chake hakijasikika vizuri.

Mwaka 1964 nchini Marekani, Robert Moog, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, alianza kuunda vipande vya sintesaiza vinavyoongozwa kwa volti. Mwaka uliofuata Vladimir Ussachevsky wa Kituo cha Muziki wa Kielektroniki cha Columbia-Princeton, ambako El-Dabh naye alikuwa amefanya kazi, alimwagiza Moog kifaa ambacho kingeuumba mlio kwa vipindi vitatu vya muda na kiwango kimoja cha kudumu. Mpangilio huo ndio uliokuja kuwa kanuni ya hatua nne inayotumika hadi leo. Katika pwani ya magharibi ya Marekani, Don Buchla alichukua njia nyingine, akipendelea jenereta zenye kupanda na kushuka tu, ambazo huweza kujirudia zenyewe bila kitufe kubonyezwa.

Utendaji wa jenereta ya hatua nne hueleweka kwa kufuata safari ya kapasita moja, ambayo ni kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Mpigaji anapobonyeza kitufe, sintesaiza hutuma ishara mbili: volti ya kimo, ambayo kwa kanuni ya Moog hupanda volti 1 kwa kila oktava, na ishara ya kufungua, ambayo hubaki juu muda wote kitufe kinapobonyezwa. Ishara ya kufungua huifanya kapasita ijae kupitia kizuizi cha umeme kinachorekebishwa kwa kitasa cha kwanza, na kadiri kizuizi kinavyokuwa kikubwa ndivyo kupanda kunavyokuwa kwa taratibu. Volti ikifika kileleni, saketi hugeuka na kapasita hupungua kwa kasi iliyowekwa na kitasa cha pili, hadi kiwango kilichowekwa na kitasa cha tatu, na hapo hutulia. Kitufe kikiachiwa, kapasita humwaga chaji iliyobaki kwa kasi ya kitasa cha nne. Wanafunzi wengi hukosea kuvichukulia vitasa vyote vinne kuwa ni vya muda, ilhali cha tatu ni cha kiwango: muda wa hatua ya kudumu hauwekwi na kitasa chochote, bali na kidole.

Volti hiyo huanza kufanya kazi pale kebo inapoipeleka mahali. Ikipelekwa kwenye kikuza-sauti kinachoongozwa kwa volti, huamua ukubwa wa mlio; ikipelekwa kwenye chujio, ambalo huzuia masafa ya juu yasipite, huamua mng'ao wake; ikipelekwa kwenye oseleta, yaani kipande kinachozalisha wimbi lenyewe, hubadilisha kimo. Katikati ya miaka ya 1960, Jean-Claude Risset alichambua mlio wa tarumbeta kwa kompyuta katika maabara ya Bell nchini Marekani, akabaini kwamba masafa ya juu huongezeka kadiri nguvu inavyoongezeka, na ugunduzi huo ulieleza kwa nini ala za kupuliza huigwa vizuri pale chujio linapofunguliwa taratibu na envelopu, badala ya ukubwa pekee kubadilishwa.

Kwa msingi huo, kila ala ya pwani iliyoelezwa hapo awali huweza kuandikwa kama mpangilio wa kebo na vitasa. Siwa huhitaji oseleta ya sauti nzito yenye wimbi la msumeno, ikipita katika chujio linalofunguliwa na jenereta yenye kupanda kwa taratibu, kiwango cha kudumu kilicho juu na kufifia kufupi. Upatsu huhitaji kupanda kwa ghafla, kushuka kurefu na kiwango cha kudumu kilichowekwa sifuri, ili mlio uendelee kupungua hata kama kitufe hakijaachiwa. Zumari huhitaji kiwango cha kudumu karibu na kilele, na ishara ya kufungua isiyokatwa kati ya noti na noti, ili jenereta isianze upya kila kimo kinapobadilika. Kayamba haihitaji oseleta kabisa, bali chanzo cha kelele, yaani mchanganyiko wa masafa yote, kikipita katika kikuza-sauti kinachoongozwa na jenereta mbili: moja ya kupanda polepole kwa ajili ya mbegu zinazoteleza, na nyingine fupi na kali kwa ajili ya mkupuo. Mwanza ndiyo inayoishinda jenereta, kwa kuwa msuguano haugawiki katika hatua nne; anayetaka kuikaribia hulazimika kuiweka kando jenereta na kuiongoza volti moja kwa moja kwa mkono, kwa kitasa au kwa kibao cha kugusa.

Mipigo ya Ngomeni

Malindi yenyewe haikuwa mbali na elektroniki ya zama hizo. Kuanzia 1967, Italia ilirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa mji, na tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksi itokayo angani. Vipima-miale vyake vilitoa pigo dogo la umeme kila chembe ya nuru ilipoingia, na kwa kuwa chembe nyingine zisizotakiwa nazo zilisababisha mapigo, saketi ilichunguza umbo la pigo ili kubagua lililo la miale ya eksi na lisilo lake. Kanuni iliyotumika hapo haitofautiani na ile ya kengele ya Schaeffer: namna pigo linavyopanda na kushuka ndiyo inayotambulisha lilikotoka. Hata hivyo maarifa hayo yalibaki katika maboma ya wahandisi, na kumbi za muziki za mjini zilipata umbo la mlio kwa njia tofauti kabisa.

Vinanda vilivyokuja na sauti zao

Utalii ndio uliofungua njia hiyo. Hoteli za Malindi, Watamu na pwani ya Mombasa ziliajiri bendi za kutumbuiza wageni, na kutoka katika mazingira hayo kundi la Them Mushrooms, lililokuwa na ndugu kutoka Kaloleni, lilitoa wimbo "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambao Boney M waliuimba kwa mtindo wao mwaka 1983. Mwaka huohuo Yamaha ya Japani ilitoa DX7, sintesaiza ya kidijitali iliyouzwa kwa wingi duniani kote. Kwa upande wa envelopu, DX7 ilikuwa na utajiri usio na mfano: kila sauti ilijengwa kwa oseleta 6, na kila oseleta ilikuwa na envelopu yake yenye kasi 4 na viwango 4, hivyo namba zilizopaswa kupangwa kwa umbo la sauti moja zilifika 48. Lakini namba hizo hazikuwa na vitasa vyake. Zilifikiwa moja moja kupitia vitufe na kioo kidogo, na wapigaji wengi duniani waliamua kutumia sauti zilizotoka kiwandani. Hata Casio VL-1, kinanda kidogo cha mfukoni cha bei nafuu kilichotangulia DX7 kwa miaka michache, kiliruhusu mtumiaji kuunda umbo lake mwenyewe, lakini kwa kuandika mfuatano wa tarakimu kana kwamba anapiga hesabu, kwa kuwa kilikuwa pia kikokotoo.

Taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, iliyoongozwa na vikundi kama East African Melody, ilikitegemea kinanda kwa karibu kila kitu, kuanzia fidla hadi ngoma. Faida yake kwa wanaoendesha harusi ilikuwa dhahiri, kwa kuwa watu wachache waliweza kufanya kazi ya kundi zima, ala hazikuhitaji kubebwa na lori, na sauti haikubadilika kwa unyevu wa bahari. Gharama yake ilikuwa katika umbo: zumari ya kinanda huanza kila noti kwa namna moja, na kayamba yake hurudia mvumo uleule uliorekodiwa mara moja, kwa kuwa uamuzi kuhusu mwanzo na mwisho wa mlio ulikwisha kufanywa na fundi aliyeko mbali, ambaye huenda hakuwahi kuisikia ala aliyoiiga. Wapigaji hodari walijaribu kurudisha uhai kwa gurudumu la kupindisha kimo na kwa kitelezi cha sauti, na ustadi wao ni ushahidi wa jinsi walivyouhisi upungufu huo.

Moduli na mipaka yake

Katikati ya miaka ya 1990 Mjerumani Dieter Doepfer alianzisha mfumo wa moduli ndogo uitwao A-100, ambao vipimo vyake viligeuka kanuni ya watengenezaji wengi, na mwaka 2017 ilitolewa programu ya VCV Rack, inayoiga moduli hizo ndani ya kompyuta na kupatikana bila malipo. Hatua hiyo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi kwa Afrika Mashariki, kwa kuwa sanduku moja la moduli halisi hugharimu pesa nyingi ilhali kompyuta ya mapajani imekwisha kuenea. Mtandao wa Nyege Nyege nchini Uganda, shirika la Santuri jijini Nairobi linalowafunza vijana muziki wa kielektroniki, kazi za Mkenya Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, na tamasha la mwaka mpya la Kilifi liitwalo Beneath the Baobabs, vimeifanya sauti ya kielektroniki kuwa jambo la kawaida katika eneo ambalo kizazi kimoja nyuma liliijua kupitia kinanda cha hoteli na cha harusi pekee.

Mpigaji wa moduli hupewa chombo kisicho na sauti ya kiwandani. Bila kebo hakuna mlio, na bila kuamua kasi ya kupanda, kiwango cha kudumu na muda wa kufifia hakuna muziki, kama vile kayamba isiyoinamishwa isivyo na la kusema. Kwa maana hiyo mzunguko uliokatwa na kinanda cha swichi unaunganishwa tena, na mwanamuziki wa Kilifi anayetaka kuijenga kayamba kwa chanzo cha kelele hulazimika kurudi kwa mpigaji wa kayamba aliye hai, amtazame vifundo vya mikono, na apime kwa sikio muda ambao mbegu huchukua kuteleza. Zoezi hilo lina thamani kwa mwanahistoria pia, kwa sababu linalazimisha maelezo ya ala yataje muda na mwendo, mambo ambayo maelezo ya makumbusho, yanayotosheka na urefu, mti na ngozi, huyaacha.

Hata hivyo urejesho huo ni wa upande mmoja. Kati ya mamlaka mawili yaliyoonekana mbele ya merikebu za Wareno mwaka 1498, jenereta ya envelopu humrudishia mpigaji lile la kuuumba mlio, lakini haina la kufanya kuhusu lile la kuuanzisha. Mpangilio wa kebo unaotoa mngurumo wa mwanza hautambui mzee wa kaya, na ule wa siwa hausubiri idhini ya mwenye mji. Ishara ya kufungua hutumwa na yeyote aliyebonyeza kitufe. Kwa hiyo mwenye kuandika ala hizo kwa lugha ya volti ana wajibu wa kuandika pamoja nazo nani aliruhusiwa kuzipiga, wakati gani na mbele ya nani, kwa kuwa maelezo hayo yalikuwa sehemu ya mlio wenyewe kwa waliousikia, na hakuna saketi itakayoyahifadhi kwa niaba yao.